Hesabu ya Saa Kumi na Moja

Kwanza radhi, jamani. Hadithi hii ilitaka msimulizi wa kunong'ona, nami Mungu kanijalia sauti ya mnadi samaki. Kila ninapofika pahali pa kutisha, mzaha hunitoka kama kikohozi msikitini, wakati ule ule watu wote wamenyamaza. Mwenyewe Jalila aliyenihadithia aliniomba nisitie chumvi. Sikutia, ila kidogo tu, ya kuizuia isioze. Basi mkiiona imeharibika, jueni ilikuwa nzima ilipofika mikononi mwangu.

Jalila binti Mwidani kazi yake ilikuwa kusikiliza. Majirani zake wa Mtongwe hawakuiamini kazi hiyo. "Kumbe kuna watu hulipwa wasikilize?" akisema mmoja. "Mimi nina mume, nimlipe hata mimi asikilize, hataki!"

Lakini ilikuwa kazi ya kweli. Shirika moja la kutetea haki za wafungwa, lenye makao yake Nairobi, lilikuwa limekodi ghorofa ya juu ya nyumba kongwe karibu na gati la zamani la feri, papo hapo Mtongwe, likajaza humo kanda mia sita na ushei. Ndani ya kanda zile walikuwamo watu waliofungwa kwa ajili ya siasa: walimu, makuli, wanafunzi, shekhe mmoja, mapadri wawili. Walikuwa wamehojiwa miaka ishirini iliyopita, kila mmoja akaeleza alivyokamatwa, alivyolala, alivyopigwa, nani alikuwa naye na nani hakutoka. Jalila alisikiliza, akaandika majina, jela na miaka. Mwenzake, Kyalo, fundi wa mitambo kutoka Machakos, akanakili sauti zile kwenye kompyuta kabla kanda hazijaliwa na ukungu.

Chumba cha kusikilizia kilizibwa ili makelele ya nje yasiingie. Dirisha lilipigiwa mbao, kuta zikabandikwa magodoro makuukuu na treyi za mayai. Feni ilikuwapo lakini haikuwashwa, kwa sababu mngurumo wake uliingia kwenye nakala. Nje jua la Mombasa likipasua mawe, ndani ilikuwa giza na joto la tanuri. Mtu akifunga mlango ule, alijisikia akimeza mate.

Jalila aliivumilia kazi hiyo kwa sababu moja. Alipokuwa na umri wa miaka minne, baba yake, Mwidani, karani wa bandarini, alichukuliwa nyumbani mchana kweupe na watu wanne waliovaa kaunda suti. Kosa lake lilikuwa karatasi: alizipiga chapa, akazigawa kazini, nazo zilidai vyama vingi. Haikuja barua. Haikuja maiti. Miaka thelathini na miwili ikapita.

Watu walimwambia mamake, Bi Mwanatabu, amsomee mumewe hitma ya maiti, yaishe. Kadhi mwenyewe alimwambia yu huru kuolewa. Yeye alikataa katakata.

"Ni nani alomuona akifa?" akiuliza. "Nileteeni mtu mmoja, mmoja tu, nami biriani ya hitma n'taipika kwa mikono yangu. Bila ya shahidi, hiyo si hitma. Hapo n'takuwa nimemuua mimi kwa ulimi wangu."

Sasa Bi Mwanatabu alikuwa na presha, miguu imemvimba, na daktari alikuwa ameanza kumsemesha kwa upole, ule upole ambao madaktari huuweka akiba kwa watu wasiokaa sana. Jalila alikuwa akimtafuta shahidi. Miezi saba, kanda mia nne na kumi na moja, na hakuna aliyemtaja Mwidani.

Kanda ya mia nne na kumi na mbili ilikuwa ya Mwalimu Lenox, ambaye naye alikwisha kufariki. Alikuwa mcheshi, aliigiza sauti za askari mpaka aliyekuwa akimhoji alisikika akicheka. Jalila aliisikiliza Jumatatu, akaandika: upande wa kwanza, dakika thelathini. Jumatano Kyalo akamwita.

"Dada Jalila, hii kitu ni dakika thelathini na moja."

"Ni thelathini, kaka. Kanda ni ya saa moja, kila upande nusu saa."

"Mashine haidanganyi, dada."

"Hiyo dakika moja imetoka wapi? Imezaliwa?"

"Labda," akacheka Kyalo. "Si unajua kanda zikiwekwa gizani pamoja... Wacha nikatafute chai na mahamri. Isikize tena."

Akashuka ngazi, mlango akauacha wazi. Jalila akavaa hedifoni. Saa ya ukutani ilikuwa imebakisha dakika kumi kugonga kumi na moja.

Mwalimu Lenox alikuwa akieleza. "Jioni, saa kumi na moja, tulichutamishwa watano watano, mikono kichwani, tukahesabiwa. Afande mkubwa hakupiga kelele. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alituita taratibu, kama mtu anayemwita mwanawe aje ale." Kisha akamwigiza, jina moja moja, na baada ya kila jina akaitika mwenyewe, *naam afande*. Majina kumi na moja. Jalila alikumbuka kwamba hapo Mwalimu hucheka, akaendelea na habari ya chakula.

Hakucheka. Kanda ilivuma tu, kama chungu kikishikwa sikioni. Halafu sauti ikasema, na haikuwa ya Lenox, na ilikuwa karibu kuliko hedifoni zenyewe:

"Mwidani."

Miezi saba! Jalila akakamata kalamu.

"Mwidani," sauti ikarudia, taratibu.

Sasa hapa lazima muijue nyumba aliyolelewa. Baba yake alipochukuliwa, watu ambao hawakuwa na habari waliendelea kuja mlangoni wakimwita, marafiki, makuli wenzake, na Bi Mwanatabu akamfunza mtoto kukimbia mbio kuitikia. "Itika, mwanangu! Jina likiitwa mara tatu lisijibiwe, kuna mwengine hulichukua." Kwa hivyo tangu umri wa miaka minne Jalila aliitika kwa niaba ya baba yake, *abee, baba hayupo*, mara mia, mara elfu, mpaka ukawa mwendo wa ulimi wenyewe usiongoja ruhusa ya kichwa. Aliposikia ile sauti ikivuta pumzi kwa mara ya tatu, ulimi ulimtangulia.

"Abee," akasema Jalila.

Hakuwahi kufika kwenye *baba hayupo*.

"Hesabu sawa," ikasema sauti.

Na mlango wa chuma ukafungwa, si ndani ya hedifoni, bali nyuma ya mgongo wake.

Alizivua, akageuka. Mlango wa mbao ulikuwa wazi vile vile Kyalo alivyouacha. Lakini chumba kilinuka. Kilinuka ndoo iliyolala na kinyesi, chokaa mbichi, na jasho la watu wengi waliobanwa mahali padogo. Harufu ikakaa kiasi cha mtu kusoma Kulhuwallahu, ikaondoka.

Kyalo alipopanda na mahamri alimkuta amesimama katikati ya chumba kama aliyesahau kukaa. Waliicheza kanda tena pamoja. Dakika thelathini. Majina kumi na moja. Mwalimu Lenox akacheka, akaendelea na habari ya chakula.

"Njaa hiyo," akasema Kyalo. Lakini alikula mahamri yake akiwa amesimama mlangoni.

Siku ya pili, Alhamisi, Jalila alikuwa nyumbani anakuna nazi. Redio ya jirani ikataja saa kumi na moja. Akasikia jina, taratibu, kisogoni mwake. Jina la kwanza katika yale kumi na moja. Nyuma yake kitu kikachutama. Alisikia magoti yakilia. Jina la pili, magoti mengine. Hakugeuka. Aliuma meno, akaapa kwamba lake likifika hatofungua kinywa hata kwa kisu. Likafika. Magoti yake yakakunjika yenyewe, mikono ikapanda yenyewe kichwani, na kinywa kikafunguka.

"Abee."

Bi Mwanatabu akaingia akijikokota. "Jalila! Wafanyani hapo chini? Jalila, mwanangu, nambia!"

Alimsikia mamake kwa mbali, kama mtu anayeita nje ya ukuta mnene. Hakuweza kusimama mpaka wali ulipoungua, na katika nyumba ya Bi Mwanatabu wali haujaungua tangu uhuru. Kikongwe alibandua sufuria, akainua pua.

"Ni nani aloweka ndoo ya choo jikoni mwangu?" akauliza polepole.

Ijumaa ilimshika mpaka adhana ya magharibi. Jumamosi mpaka isha. Jumapili aliposimama, usiku ulikuwa umekwenda, na chini ya kucha zake mlikuwa na chokaa nyeupe, na ukuta wa jiko lao una rangi ya samawati. Siku hiyo pia, kwa mara ya kwanza, mmoja wa wale waliochutama nyuma yake alimsemesha. Pumzi ilimgusa shingoni, ya moto, ya mgonjwa.

"Songa mbele kidogo, dada," ikanong'ona. "Mguu wangu umeoza."

Akasonga. Mtu aliyelelewa vyema hakosi adabu hata kwa maiti.

Jumatatu wakamwita Maalim Jafar, mtu wa visomo, aliyepata kuwatoa majini wabishi kutoka Likoni mpaka mtaa wa Shika Adabu. Alikuja na ubani, marashi na sahani ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani, akasoma tangu alasiri. Saa kumi na moja ilipofika, moshi wa ubani uliokuwa ukipanda juu ulilala chini, ukatambaa sakafuni, ukapita baina ya vitu visivyoonekana kama maji yapitavyo baina ya miguu ya watu. Maalim akanyamaza. Jalila alichutama pale mpaka usiku wa manane, Maalim akihesabu tasbihi na jasho likimtona ndevuni.

"Huyu si jini wa kupungwa," alisema baadaye. "Jini wa kawaida yuwataka kitu. Yuwataka mbuzi, yuwataka pete, nguo nyekundu. Unampa, yuwakwenda zake. Majini hukaa penye uchafu na dhuluma. Huyu alikaa penye jela, akaitazama kazi ya binadamu, akaipenda. Sasa ana daftari. Hataki ila hesabu yake itimie."

"Basi tuichome hiyo kanda," akasema Kyalo, aliyekuwa amekuja kumjulia hali mwenzake na sasa hakuthubutu kwenda nyumbani peke yake. "Tuimwagie mafuta ya taa, kwisha."

"Usiiguse!" akasema Bi Mwanatabu. "Miaka thelathini na miwili, hicho ndicho kitu pekee kilotaja jina la mume wangu."

"Bi Mkubwa, mfikirie kwanza huyo uliyemzaa!"

"Haitachomwa," akasema Jalila kutoka sakafuni, maana miguu ilikuwa bado haijampokea.

Maalim aliwatazama wote watatu. "Kuchoma hakutafaa kitu. Jina haliko tena kwenye kanda, liko kwa Jalila. Nanyi mna kesho tu. Juzi isha, leo manane, kesho alfajiri. Na mfungwa akisha kulala ndani mpaka kukacha, ni mfungwa. Hatosimama tena."

Kyalo hakulala. Alikaa ofisini na taa zote zikiwaka, akausikiliza upande wa pili wa kanda ambao Jalila hakuwa ameufikia, na karibu na mwisho Mwalimu Lenox akasema: "Aliyeshika daftari alikuwa askari wa Kigiriama, Kazungu. Alitupenyezea tumbaku. Nasikia siku hizi amestaafu, anakaa Junda."

Jumanne asubuhi walivuka feri, wakaupita mji, wakafika Junda kabla ya saa sita. Askari mstaafu hapotei. Kila mtu anajua kwake. Mkaza mwanawe ndiye aliyewapokea uani, akichambua mchicha.

"Baba amelala," alisema kwa furaha. "Msiudhike. Maisha yake yote hakuwa mtu wa usingizi. Jioni akijifungia chumbani, usiku kucha ukimsikia yu macho. Tangu Jumatano iliyopita, analala kama mtoto."

Jalila akazihesabu siku kwa vidole. Jumatano.

Mzee Kazungu akatoka, mrefu, uso umenawiri. "Shikamoo, baba," akasema Jalila.

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa Mwidani."

Hakuuliza Mwidani yupi. Alimtuma mkaza mwanawe dukani, akangoja mpaka nyayo zikapotea. Ndipo akakaa kwenye kibao cha mlangoni.

"Ni wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyenipokea."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mchicha. "Alikufa Jumanne, alfajiri. Kipigo, kisha homa. Kichwa chake kilikuwa hapa." Akagusa paja lake. "Ijumaa yake wangekuja watu wa kukagua. Afande akasema hesabu haipungui. Tukamzika nyuma ya jiko. Jioni jina likaitwa, na afande akanitazama mimi. Nikaitika. Siku tatu niliitika, wageni wakaja wakaondoka, akaandikwa kwamba amehamishwa. Nikadhani yamekwisha. Jina halikuacha kuitwa, mwanangu. Afande alikufa, mimi nikastaafu, ile jela ikapakwa rangi, na kila saa kumi na moja ninaitwa, naitika, nachutama; kukikaribia kucha huniachia, maana mimi ni askari, si mfungwa. Wanangu walidhani nasali. Halafu Jumatano nikasikia sauti ya kike imeitika. Nikalala."

"Mzee, ulijua?" Kyalo akauliza. "Ulijua kuna mtu ameingia hapo, ukalala?"

"Nilijua ni mtu. Sikutaka kujua ni nani."

Kuku akapita akidonoa mchicha, hakuna aliyemfukuza.

"Sikuja kukurudishia, baba," Jalila akasema. "Nimekuja kutaka shahidi. Useme mbele ya mama ulilosema hapa, na useme mbele ya lile linaloita. Basi."

"Kusema tu?"

"Kusema tu."

"Huko kusema ndiko kulikonishinda," akasema mzee, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Walikaa uani jua likiwaunguza. Saa saba ikapita. Saa nane. Kyalo akatazama simu yake mara ya ishirini, akaanza kunong'ona kwamba wakimbilie kwa padri mmoja anayemjua, na Jalila akawaza kitu kimoja tu, kwamba hajamuaga mamake vizuri. Komeo likalia. Mzee Kazungu alitoka amevaa suruali iliyopigwa pasi, viatu vyeusi vimeng'arishwa mpaka vinaonyesha mbingu.

"Twendeni," akasema. "Feri ina foleni."

Bi Mwanatabu alipandishwa ngazi za ofisi akiwa ameketi kwenye kiti, Kyalo mbele na Maalim nyuma, akiwakemea wote wawili kwa kumtingisha. Wakafunga mlango wa kile chumba. Kyalo akaweka kanda mpya kwenye mashine ya pili, akabonyeza kurekodi, na hawakuicheza ile ya Lenox kabisa. Iliachwa juu ya meza, kimya. Haikuwa na haja ya kuchezwa.

Saa ikagonga. Jina la kwanza likaitwa, na safari hii wote walilisikia, si Jalila peke yake, kwa maana Maalim alishika ukuta na Kyalo akamtaja mamake kwa Kikamba, na magoti yakalia gizani, na jina la pili likaitwa, na la tatu, na kila lilipoitwa hewa ilipungua kidogo kama kwamba mtu mwengine ameingia na lazima naye avute yake, na magodoro ya ukutani yakaanza kulowa, yakatona, maji ya chokaa yakiteremka baina ya treyi za mayai, na ile harufu ikapanda, ya ndoo na vidonda na uji uliochacha, mpaka Bi Mwanatabu akajifunika pua kwa upindo wa buibui lake, na majina yakaendelea, taratibu, kwa upendo, saba, nane, tisa, sauti ya baba anayewaita wanawe waje wale, na taa ya mashine ikafifia ikawa nyekundu kama jicho la mgonjwa, na kwa mwanga huo wakawaona, au wakaona migongo yao tu, safu za migongo iliyoinama watano watano na mikono juu ya vichwa, chumba kizima, na katika safu ya mbele kabisa nafasi moja iliyoachwa wazi, sawa sawa na upana wa mwanamke.

"Mwidani."

Magoti ya Jalila yakaanza kukunjika. Mzee Kazungu alikuwa amesimama wima kama siku ya gwaride, kinywa wazi, na hakitoki kitu.

"Mwidani."

Jalila alikuwa amekwisha kushuka, mikono inapanda, ulimi unainuka kinywani mwake kama nyoka asiye wake. "A—" akaanza, na kiganja kizito, chenye harufu ya bizari, kikamziba mdomo. Bi Mwanatabu alikuwa ameshuka kitini kwa miguu ile ile iliyovimba. Alimkumbatia mwanawe kwa nyuma, akakaza.

"Nyamaza," akamnong'oneza. "Usiitike tena. Mama yako alikufunza vibaya."

Ile sauti ikavuta pumzi kwa mara ya tatu.

"Hayupo, afande!" Mzee Kazungu akapiga ukelele uliomtoka tumboni, ukelele wa miaka thelathini na miwili. "Mwidani hayupo! Amekufa, Jumanne, alfajiri, kichwa chake kwenye paja langu! Amezikwa nyuma ya jiko!"

Hakuna aliyekuwa akivuta pumzi, waliokuwa hai wala wale wengine.

"Hesabu?" ikauliza sauti.

"Pungufu mmoja, afande."

Ukurasa ukafunuliwa mahali fulani. Ukarudishwa. Ukafunuliwa tena.

"Nani alikuwa akiitika?"

Mzee alikuwa akilia sasa, bado amesimama wima. "Mimi, afande. Kazungu."

Kalamu ikaandika. Iliandika muda mrefu kuliko jina lolote linavyohitaji. Halafu mlango wa chuma ukafunguka, na kitu kikapita baina yao kikielekea nje, polepole, kikiburura, kama mtu aliyechutama sana na miguu imemfa ganzi. Bi Mwanatabu hakukiita. Alisogea tu kando, akampisha, kama mke anavyompisha mumewe mlangoni.

Magodoro yakakauka. Kyalo alipowasha taa, Jalila alikuwa sakafuni, miguu yake ni yake. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena, kujaribu.

"Basi, mwanangu, si mazoezi ya jeshi," mamake akamwambia, akaangua kilio.

Hitma ilisomwa Ijumaa. Bi Mwanatabu aliipika ile biriani kwa mikono yake kama alivyoahidi, akala sahani mbili, na daktari asiambiwe. Mzee Kazungu alikuja kutoka Junda na vile viatu vyake, akaketi mkekani mbele ya wanaume wa Mtongwe, akayasema yote tena tangu mwanzo, na hakuna aliyemtupia neno. Alirudi kwake. Siku ya tisa mkaza mwanawe alimkuta amefariki chumbani mwake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na alikuwa amechutama.

Jalila angali anasikiliza. Zimebaki kanda karibu mia mbili, na kila moja ina mama wa mtu anayengoja. Ila saa kumi ikigonga hufunga ofisi. Kanda ya mia nne na kumi na mbili wameifungia kabatini. Upande wake wa kwanza una dakika thelathini na moja, siku zote sasa, na majina kumi na mawili. La kumi na mbili ni Kazungu. Huitwa mara moja. Huitwa mara mbili. Kyalo huizima mashine kabla ya mara ya tatu.

Najua kwa sababu nilikwenda kuhakikisha, jana, msije mkasema naokota habari barazani. Nilimsumbua Kyalo mpaka akanifungulia kabati.

"Mzee, chochote utakachosikia, unyamaze," akaniambia. "Nakuomba."

"Mimi?" nikasema. "Mimi ni kaburi."

Tukasikiliza. "Kazungu," ikaita. Kimya. "Kazungu." Kimya, na kidole cha Kyalo kikielekea kwenye kitufe. Sasa jamani, miaka yote ya kuchekesha watu jukwaani nimefunzwa jambo moja tu: ukumbi ukinyamaza na mtu ameitwa, usiuache ufe.

"Naam, afande!" nikajibu. "Yuko chooni!"

Nikangoja kicheko. Kyalo hakucheka. "Hesabu sawa," ikasema mashine.

Hivi niandikapo imebaki dakika nne kufika saa kumi na moja, magoti yangu yamekwisha kuanza kukunjika, na sina wa kumlaumu, si Jalila, si Kyalo, wala si jini mwenyewe aliyekuwa akifanya kazi yake. Wanaochutama mle ni watu wa heshima, walifungwa kwa kusema kweli. Mimi ndiye wa kwanza kufungwa kwa kutafuta kicheko, na hata hicho sikukipata.